Kardinali Lavigerie: Aliyetaka Sheria Imfuate Msafirishaji wa Watu



Wapendwa waamini, kila mwaka tarehe 8 Februari Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, na tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa pia Siku ya Kimataifa ya Sala na Tafakari dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Katika kujiandaa kwa siku hiyo, tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyeishi wakati mmoja na Bakhita na ambaye nchi yetu inamdai shukrani kubwa: Mwadhama Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe.

Tunaliandika hili tukiwa na sababu ya karibu. Sisi tunaoishi Viwanja Sitini, katika mji wa Ifakara, tunakaa njiani. Reli ya TAZARA inapita kwetu tangu miaka ya 1970. Barabara inatuunganisha na Kidatu na Mikumi upande mmoja, na Mahenge ng'ambo ya mto upande wa pili. Watu huja bondeni kwa ajili ya mpunga na miwa. Wengine huondoka kwenda kutafuta maisha mijini. Njia hizo ni baraka. Lakini kwa njia hizo hizo binti aliyemaliza darasa la saba huondoka na mtu aliyeahidi kazi nzuri ya ndani Dar es Salaam, naye kijana huchukuliwa kwenda kuchunga au kulima mahali ambapo ndugu zake hawapajui.

Tukisikia kwamba mtoto amekwama, amenyimwa mshahara, anapigwa au amefungiwa ndani, jambo la kwanza tunalofanya katika jumuiya zetu ndogo ndogo ni kuchanga nauli ili arudi. Hilo ni tendo la huruma, na Bwana hatalisahau. Lakini mara ngapi tumeuliza habari za yule aliyempeleka? Mtoto anarudi, tunamshukuru Mungu, na dalali anabaki na jina lake jema. Msimu unaofuata anabisha hodi katika nyumba nyingine. Kardinali Lavigerie alikutana na jambo hilo hilo, na ilimchukua miaka kumi kulitafutia jibu.

Kijana wa Bayonne

Charles Martial Allemand Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa afisa wa forodha, na nyumba yao haikuwa na bidii kubwa ya dini. Waliomfundisha sala za kwanza walikuwa wanawake wawili waliotumika hapo nyumbani. Tunafurahi kulikumbuka hilo: mtu ambaye baadaye angezungumza mbele ya mataifa kwa ajili ya watu waliouzwa alijifunza kumwita Mungu Baba kutoka kwa watumishi wa ndani.

Alipata upadre mwaka 1849, akafundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne huko Paris. Angeweza kuzeeka kati ya vitabu. Mwaka 1857 alipewa kuongoza shirika lililosaidia shule za Wakristo wa nchi za Mashariki, na mwaka 1860, baada ya mauaji ya Wakristo huko Lebanoni na Siria, alisafiri kuwapelekea misaada. Huko Damasko alikutana na Abdelkader, kiongozi Mwislamu wa Algeria aliyekuwa uhamishoni, ambaye alikuwa amewaokoa Wakristo wengi wasiuawe. Padre huyo kijana aliona kwa macho yake mambo mawili: jinsi binadamu anavyoweza kuwindwa kama mnyama, na jinsi mtu wa dini nyingine anavyoweza kusimama mlangoni na kumkinga.

Mwaka 1863 aliwekwa kuwa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 akahamishiwa Algiers, Afrika ya Kaskazini, akiwa Askofu Mkuu. Mara alipofika, njaa na kipindupindu viliiangukia Algeria. Aliwakusanya watoto yatima zaidi ya elfu moja, akawatafutia chakula, malazi na walezi. Katika taabu hiyo ndimo ulimozaliwa utume wake mkubwa. Mwaka 1868 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka 1869 akaanzisha shirika la masista, ambao leo tunawafahamu kama Masista Wamisionari wa Bibi Yetu wa Afrika. Aliwaagiza wanawe waseme lugha ya watu, wale chakula cha watu, na wavae kama watu wa mahali. Ndiyo maana walivaa kanzu nyeupe za Waarabu wa Algeria, wakapata jina lao.

Njia ya Bagamoyo hadi Tabora

Mwezi Februari 1878, siku nne tu baada ya kuchaguliwa kuwa Papa, Baba Mtakatifu Leo XIII aliidhinisha utume wa Afrika ya Kati na kuukabidhi kwa Lavigerie. Kabla ya mwaka kwisha, msafara wa kwanza wa wamisionari kumi ulikuwa umepita Zanzibar na Bagamoyo na kuingia bara. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wao, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Waliobaki waligawanyika: kundi moja likaenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na jingine likaenda Buganda. Wote wawili walifika mwanzoni mwa mwaka 1879.

Bagamoyo waliwakuta Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefungua misheni yao hapo mwaka 1868 na kuwakusanya watu waliokombolewa utumwani katika kijiji cha Kikristo. Sheria dhidi ya biashara hiyo ilikuwa imeshaandikwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa kushinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Soko la Mkunazini likafungwa. Lakini wafanyabiashara hawakufunga kazi, walibadili njia. Watu waliotekwa katika nchi za Nyasa na Ruvuma, ambao zamani walipakiwa majahazini Kilwa, sasa walitembezwa nchi kavu wakiufuata mwambao kuelekea kaskazini. Mwaka 1876 ilimlazimu Sultani kutoa amri nyingine ya kukataza misafara hiyo ya bara.

Bonde letu la Kilombero liko nyuma ya mwambao huo. Kwa hiyo, tunaposoma habari hizi tusidhani ni za watu wa mbali. Na tuone funzo lililomo: soko likifungwa na mfanyabiashara akaachwa huru, atatafuta mlango mwingine.

Kukomboa kwa fedha

Wamisionari wa Lavigerie walipofika Tabora, Ujiji na baadaye Karema, walikutana na misafara uso kwa uso. Walifanya kile ambacho moyo wa Kikristo hufanya kwanza: walitoa fedha na bidhaa, wakakomboa watoto. Vituo vya yatima vilifunguliwa Kipalapala karibu na Tabora, na pia Karema. Waamini wa Ulaya, wengi wao watu wa kipato kidogo, walituma sadaka zao kwa kazi hiyo.

Hatuna ruhusa ya kuidharau kazi hiyo. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto katika nchi za Mto Niger, akauzwa, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe katika Afrika ya Kaskazini. Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta ili vijana Waafrika wasomee uganga na ukatekista, na Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa mganga na katekista, akawahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka sitini, hadi kifo chake mwaka 1956. Nani awezaye kusema kwamba fedha iliyomkomboa ilipotea?

Hata hivyo, ndani ya huruma hiyo mlikuwa na mtego. Kila mtoto aliyekombolewa kwa bei alimwachia muuzaji bei hiyo mkononi, naye aliweza kununua kwayo baruti ya kuteka wengine. Barua za wamisionari zilieleza vijiji vilivyochomwa, njia zilizojaa mifupa, na misafara ambayo haikupungua. Mfuko wa sadaka, hata ungejaa namna gani, usingeweza kulimaliza soko. Ungeweza hata kulilisha. Ilihitajika njia ya kumfanya yule anayeteka, anayebeba na anayeuza aogope kufanya hivyo.

Mwaka wa safari nyingi

Lavigerie alifanywa Kardinali mwaka 1882, na mwaka 1884 akawa Askofu Mkuu wa Karthago, jimbo la kale la Mtakatifu Sipriani. Angeweza kutulia katika heshima hiyo. Badala yake, akiwa na miaka zaidi ya sitini na mwili uliochoshwa na maradhi, alianza safari zilizomfanya ajulikane duniani kote.

Tarehe 5 Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka juu ya utumwa, na siku nane baadaye nchi hiyo ikaufuta utumwa kwa sheria. Mwezi huo huo Lavigerie alifika Roma pamoja na mahujaji kutoka Afrika, na Baba Mtakatifu akamkabidhi kazi ya kuamsha dhamiri za mataifa dhidi ya biashara ya watu barani Afrika. Tarehe 1 Julai alizungumza katika kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris. Tarehe 31 Julai alikuwa London, katika mkutano ulioandaliwa na chama cha Waingereza cha kupinga utumwa, ambako Wakatoliki na Waprotestanti waliketi pamoja katika siku ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, alihubiri katika kanisa kuu la Mtakatifu Gudula jijini Brussels.

Kila alipokwenda alieleza mambo kama yalivyoandikwa na mashahidi: umri wa watoto, urefu wa njia, namna mama alivyolazimishwa kuchagua kati ya kumbeba mtoto wake na kubeba pembe ya ndovu. Aliwaambia Wakristo wa Ulaya kwamba ukimya wao ulikuwa sehemu ya biashara hiyo. Vyama vya kupinga utumwa vikaundwa katika nchi mbalimbali.

Mwanzoni Kardinali aliweka tumaini kubwa katika nguvu za silaha. Alitaka watu wa kujitolea waende kuvilinda vijiji. Mmoja wao, Kapteni Leopold Joubert, ambaye awali alikuwa askari wa Papa, aliishi kando ya Ziwa Tanganyika, akaoa mwanamke wa huko, akalinda watu waliomkimbilia, akafa huko huko mwaka 1927. Joubert alikuwa mtu mwema. Lakini jeshi la watu binafsi lilileta maswali mazito: nani anawahukumu wanaobeba bunduki, na nini kinatokea wakiondoka? Kikosi cha ndugu wenye silaha ambacho Lavigerie alikianzisha kwa ajili ya Jangwa la Sahara mwaka 1891 kilivunjwa mwaka uliofuata. Kilichodumu kuliko silaha kilikuwa sheria.

Mkutano wa Brussels

Tarehe 18 Novemba 1889 wajumbe wa mataifa 17, Zanzibar ikiwa mojawapo, walikutana jijini Brussels. Serikali ndizo zilizoitisha mkutano huo, na Kardinali hakuketi mezani. Lakini kelele alizozipiga katika miji ya Ulaya ziliwafanya wenye mamlaka waone kwamba wananchi wao walikuwa wakingoja jibu. Tarehe 2 Julai 1890 walitia sahihi hati kuu yenye vifungu mia moja.

Kifungu cha tano cha hati hiyo ndicho kinachotuhusu zaidi. Kila taifa liliahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja litatunga au kupendekeza sheria ya jinai dhidi ya watu wa biashara hiyo. Waliopanga uwindaji wa watu, walioshiriki kuteka kwa nguvu na waliokata viungo vya watu wangehesabiwa kuwa na hatia ya makosa makubwa dhidi ya mwili wa binadamu. Waliobeba, waliosafirisha na waliouza wangehesabiwa kuwa na hatia ya kumnyima mtu uhuru wake. Vifungu vingine vilieleza namna ya kuzikagua njia za misafara, kuwalinda waliotoroka, kuwarudisha kwao waliookolewa ilipowezekana, kuzuia silaha, na kuweka Zanzibar ofisi ya kimataifa ya kukusanya taarifa za vyombo vya baharini.

Tutafakari uzito wa badiliko hilo. Hapo kabla, mwenye kubeba watu alijiona kama mchukuzi tu. Alidai kwamba hakuteka, hakupiga, hakununua. Yeye alikodisha jahazi au aliongoza msafara. Hati ya Brussels ilimwambia kwamba chombo chake na njia yake ni sehemu ya kosa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Agosti 1890, Sultani Ali bin Said wa Zanzibar alipiga marufuku uuzaji wowote wa watumwa katika milki yake.

Siku kumi na moja baada ya mkutano huo kufunguliwa, jambo jingine lilitokea Venisi, nchini Italia. Binti wa Darfur, aliyetekwa yapata mwaka 1877 na kuuzwa mara kadhaa, alikuwa amekataa kuondoka katika nyumba ya Masista Wakanosa ili arudishwe Afrika na familia iliyomchukulia kuwa mali yake. Tarehe 29 Novemba 1889 wenye mamlaka waliamua kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwamba binti huyo ni mtu huru. Huyo ndiye Bakhita. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akawa mtawa, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Tukumbuke kwamba mwaka 1877, karibu na wakati alipotekwa, Uingereza na Misri zilikuwa zimetia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, mkataba uliohusu na Sudan. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi, na mtoto alitembezwa jangwani mbele ya macho ya wote. Ilimsaidia tu siku ile masista walipokataa kumfungulia mlango aliyetaka kumchukua, wakampeleka mbele ya wale waliokuwa na mamlaka ya kuamua, na yeye mwenyewe akapata ujasiri wa kusema kwamba haendi.

Giza lililokuwa kando ya mwanga

Ukweli unatudai tuseme na upande wa pili. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenyeji wa mkutano huo, ndiye aliyeitawala Kongo kwa kazi za kulazimishwa zilizowaangamiza watu wengi mno. Mataifa yaliyotia sahihi yalitumia vita dhidi ya utumwa kuwa ngazi ya kupandia kwenye utawala wa kikoloni. Katika nchi yetu, Wajerumani waliwaadhibu wateka watu, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Mwaka 1904 waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Zanzibar hadhi ya utumwa mbele ya sheria ilifutwa mwaka 1897, na Tanganyika ilingoja hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Lavigerie naye alikuwa mtu wa nyakati zake. Aliipenda Ufaransa na aliamini kwamba dola za Ulaya zingekuwa mkono wa haki. Katika hilo historia haikumpa haki. Lakini katika jambo la msingi alikuwa sahihi: mtu si bidhaa, na anayemfanya kuwa bidhaa lazima ajibu mbele ya hakimu.

Tarehe 20 Novemba 1890 Papa Leo XIII alitoa waraka mwingine, akaagiza kwamba kila mwaka katika sherehe ya Tokeo la Bwana makanisa yote yakusanye sadaka kwa ajili ya utume wa kupambana na utumwa Afrika. Kardinali Lavigerie alifariki Algiers mwishoni mwa Novemba 1892, akazikwa Karthago. Mwaka 1964 mabaki yake yalihamishiwa Roma, kwenye nyumba kuu ya shirika lake.

Sheria tulizozirithi

Mbegu ya Brussels iliendelea kukua. Mwaka 1926 Umoja wa Mataifa wa wakati ule ulipitisha mkataba dhidi ya utumwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliuweka utumwa na uuzaji wa wanawake na watoto kati ya mambo ya aibu yanayomdhalilisha Muumba. Mwaka 2000 mataifa yalikubaliana juu ya itifaki mbili zinazofahamika kwa jina la Palermo: moja dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, nyingine dhidi ya magendo ya wahamiaji. Tanzania iliziridhia mwaka 2006, na mwaka 2008 Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu.

Yafaa tuelewe tofauti ya mambo hayo mawili. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kumchukua, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea mtu kwa nguvu, kwa hila au kwa kutumia unyonge wake, ili anyonywe: kwa kazi ya kulazimishwa, kwa ukahaba, au kwa namna nyingine ya kumtumikisha. Si lazima avuke mpaka. Safari ya kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam inatosha. Akiwa mtoto, kukubali kwake si kitu, hata kama hakudanganywa wala kupigwa. Magendo ya wahamiaji ni kumvusha mtu mpaka kinyume cha sheria kwa malipo, hata kama yeye mwenyewe aliomba avushwe.

Katika yote mawili sheria inamlenga kwanza anayefaidi. Itifaki ya wahamiaji inasema kwamba mhamiaji asishtakiwe kwa sababu tu ya kuwa alisafirishwa kwa magendo. Na jinsi biashara hiyo ilivyo ya mauti, sisi Watanzania tunajua. Mwezi Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya arobaini ilikutwa imetupwa porini huko Chitego, mkoani Dodoma. Walikuwa wakipitishwa nchini mwetu kuelekea kusini, wakakosa hewa ndani ya lori. Hao nao walikuwa na mama zao, na wengi wao hatujui hata majina ya ubatizo wao ili tuwaombee kwa kuwataja.

Sheria ya mwaka 2008 ilipotungwa, iliruhusu mkosaji alipe faini badala ya kwenda gerezani. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliiondoa nafasi hiyo. Tunaliona hapo wazo lile lile la Kardinali: yule aliyepata fedha kwa kuuza watu asiununue uhuru wake kwa fedha hiyo hiyo.

Wajibu wetu

Kesi, hata hivyo, haijiendeshi. Mwendesha mashtaka anahitaji shahidi, na shahidi ni jirani. Kesi nyingi hufia nyumbani: wazazi wanaona aibu, dalali ni mtu wa ukoo, analeta sukari na vitenge, wazee wanasuluhisha, mtoto anaambiwa anyamaze. Ndugu zake Yusufu walimuuza, kisha wakarudi kwa baba yao na kanzu iliyochovywa damu. Neno la usuluhishi ni jema katika ugomvi wa mipaka ya mashamba. Katika kuuzwa kwa mtoto, usuluhishi wa namna hiyo ni kumfunika muuzaji kwa kanzu ya mtoto.

Tunawaomba basi wazazi wa Viwanja Sitini na wa bonde zima: mtoto asiondoke na mtu ambaye hamjui anakoishi. Jina la mwajiri, mahali, mshahara na namna ya kuwasiliana vijulikane kabla ya safari, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa. Aliye chini ya umri wa miaka kumi na minne sheria hairuhusu aajiriwe kabisa. Jumuiya ndogo ndogo ziwakumbuke kwa majina vijana waliosafiri, zipige simu, ziulize. Makatekista na viongozi wa WAWATA wamsikilize mtoto aliyerudi bila kumhukumu.

Panapo dalili ya uovu, taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa namba 116 ya huduma kwa mtoto. Na anayeitwa kutoa ushahidi asimwache mtoto peke yake mbele ya hakimu. Twende naye, tuketi nyuma yake, kama masista wa Venisi walivyosimama na Bakhita. Tuendelee pia kuchanga nauli. Lavigerie hakuacha kukomboa watoto alipoanza kudai sheria. Alifanya yote mawili hadi mwisho wa maisha yake.

Tarehe 8 Februari, tunapokutana kusali, tuwataje vijana wetu walioko mbali, tuwakumbuke waliofia njiani katika nchi yetu bila kaburi lenye jina, na tuwaombee askari, waendesha mashtaka na mahakimu wapate moyo usionunulika. Tuwaombee pia wale wanaofanya biashara hiyo kati yetu, ili waiache na kutubu kungali mchana.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee.